Sura ya Tano: Si Kanda la Usufi

Anayeishi karibu na mti wa msufi anajua vituko vyake wakati wa kiangazi. Matunda hukauka, hupasuka, kisha hutoka nyuzi nyeupe laini ambazo upepo mdogo tu huzipeperusha hadi uani kwa jirani. Ndizo tunazojazia mito na magodoro. Ukizishindilia kwenye kanda, kanda huvimba, likaonekana mzigo wa punda, lakini mtoto wa darasa la tatu hulitwika kichwani akakimbia nalo. Wahenga walipotaka kueleza jinsi tunavyoyatazama matatizo ya wengine, hawakwenda mbali na mti huo. Walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulio juu ya kichwa kisichokuwa chako, hata ukiwa wa mawe, wewe huuona mwepesi.

Methali hii husemwa sana juu ya majirani na marafiki. Mimi naamini mahali inapouma zaidi ni chumbani, kati ya mume na mke. Mume anayeshinda juani hudhani mkewe ameshinda kivulini. Mke aliyeamka kabla ya jogoo, akapeleka watoto shule, akamwogesha mama mkwe asiyejiweza, humwona mume aliyeingia kimya akasema moyoni kwamba huyu ameniletea kiburi. Hakuna anayemwonea mwenzake kwa makusudi. Kila mmoja anahisi shingo yake tu. Kisha inakuja shida yenyewe, ugonjwa au kuachishwa kazi au mimba ya tatu kuharibika, na inawakuta watu wawili ambao kila mmoja tayari ana daftari la madai.

Nataka kusema jambo moja katika sura hii. Ndoa nyingi hubeba shida kubwa kuliko tunavyodhani zinaweza, ila haziwezi kubeba kutojuana. Wanaovuka pamoja ni wale ambao kila mmoja amewahi kuweka shingo yake chini ya mzigo wa mwenzake, akaupima, akajua kwamba huu si usufi. Nitalieleza kwa habari ya watu wawili wa Afrika Kusini, Walter na Albertina Sisulu, walioishi katika ndoa kwa karibu miaka 59, na 26 kati ya hiyo wakatenganishwa na kuta za gereza.

Muuguzi aliyekuja na wadogo zake

Albertina alizaliwa mwaka 1918 katika eneo la Transkei, jina lake la nyumbani likiwa Nontsikelelo Thethiwe. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na kabla ya kufa alimwachia neno zito: awaangalie wadogo zake. Msichana yule alilichukua neno hilo kama deni. Alipomaliza shule ya misheni alitamani kuwa mtawa, lakini akaambiwa kwamba mtawa hapokei mshahara. Wadogo zake wangekula nini? Padri mmoja akamshauri asomee uuguzi, kwa kuwa mwanafunzi wa uuguzi alilipwa tangu akiwa mafunzoni. Mwaka 1940 akaenda Johannesburg, akavaa sare ya hospitali ya Waafrika, akaanza kutuma pesa nyumbani. Kuhusu kuolewa, alikwishaamua kwamba hataolewa. Aliona mwanamume hawezi kumpokea mke anayekuja na kundi la wadogo nyuma yake.

Huko Johannesburg akakutana na Walter Sisulu. Naye alitoka Transkei, alizaliwa mwaka 1912, na alikuwa ameonja kazi za kila aina zikiwemo za mgodini na kiwanda cha mikate. Alikuwa ameshazama katika siasa za chama cha ANC. Albertina hakumficha kitu, alimweleza habari za wadogo zake na ahadi aliyompa marehemu baba yake. Walter akaikubali ahadi hiyo iwe yao wawili.

Naomba tusimame kidogo hapo. Uchumba kwetu umejaa maneno ya jinsi tutakavyofurahi. Tunapelekana ufukweni, tunapigana picha, tunapanga rangi za sare za harusi. Ni wachache wanaokaa chini wakaambizana: mimi nina mdogo wangu ninayemsomesha, mimi nina mama mwenye kisukari, mimi nina deni. Mambo hayo huachwa yajitokeze yenyewe baada ya fungate, na yakijitokeza huonekana kama udanganyifu. Albertina aliuweka mzigo wake mezani kabla ya posa.

Walter naye alikuwa na wake. Walifunga ndoa mwezi Julai 1944, na msimamizi wa bwana harusi alikuwa kijana aliyekuwa akisomea sheria aitwaye Nelson Mandela. Katika sherehe hiyo Anton Lembede, rafiki yao na kiongozi wa Umoja wa Vijana wa ANC, alimtahadharisha bibi harusi mbele ya watu kwamba mwanamume anayemchukua alishaoa zamani, na mke wake wa kwanza ni siasa. Watu hucheka maneno kama hayo harusini. Bibi harusi huyu hakuhitaji kuonywa, kwa sababu miezi michache kabla ya hapo Walter alikuwa amempeleka kwenye mkutano wa kuanzisha Umoja wa Vijana, na alikuwa mwanamke pekee ukumbini. Alikuwa ameiona siasa hiyo kwa macho yake kabla hajavaa shela.

Kwa hiyo siku ile kila mmoja alimchukua mwenzake pamoja na kilicho kichwani mwake. Mwaka 1949 Walter alipochaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa ANC, kazi yenye malipo madogo yasiyo na uhakika, mshahara wa muuguzi ndio uliobeba nyumba yao ya Orlando West, Soweto. Ndani ya nyumba hiyo walikuwamo mama yake Walter, watoto watano waliowazaa, watoto wa ndugu waliowachukua kuwa wao, na wageni wa chama waliokuja usiku bila hodi ya mapema. Albertina alizunguka mitaa ya Waafrika kwa miguu akizalisha wajawazito na kuwauguza wagonjwa majumbani, sanduku la vifaa likiwa kichwani. Naye hakubaki kuwa mpishi wa chai ya mikutano. Tarehe 9 Agosti 1956 alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao 20,000 walioandamana hadi makao ya serikali Pretoria kupinga sheria ya kuwalazimisha kubeba vitambulisho vilivyoitwa pasi. Mzigo wa Walter sasa ulikuwa umekuwa wake pia, na hakuna aliyemlazimisha.

Saa moja kwa mwaka

Mwaka 1963 ulikuja na dhoruba. Walter aliingia mafichoni mwezi Aprili. Mwezi Juni polisi wakamchukua Albertina chini ya sheria mpya iliyowaruhusu kumweka mtu ndani siku 90 bila mashtaka, naye akawa mwanamke wa kwanza kushikwa kwa sheria hiyo. Walimweka peke yake na walitaka jibu moja tu: mume wako yuko wapi? Mtoto wao mkubwa, Max, kijana wa miaka 17, naye alikamatwa. Mama ambaye watoto wake wengine wamebaki nyumbani bila baba wala mama, anaulizwa swali ambalo jibu lake huenda likamrudisha kwao jioni ile ile. Hakujibu.

Tarehe 11 Julai polisi walivamia shamba la Liliesleaf, Rivonia, wakamkamata Walter na wenzake. Katika kesi iliyofuata Walter alihojiwa kizimbani kwa siku kadhaa na akakataa kuwataja wengine. Watu wengi walitarajia kitanzi. Tarehe 12 Juni 1964 hukumu ikawa kifungo cha maisha. Akapelekwa kisiwa cha Robben, akawa anavunja mawe na kuchimba chokaa, huku mtoto wao wa mwisho akiwa hajatimiza miaka saba.

Sasa tazama walichoachiwa. Mfungwa wa daraja lao, katika miaka ya mwanzo, aliruhusiwa barua moja kila baada ya miezi sita, isiyozidi maneno 500, na mgeni mmoja kila miezi sita, kwa dakika 30. Ukijumlisha ni saa moja kwa mwaka mzima. Ili kuipata saa hiyo, Albertina alihitaji kwanza kibali, kwa kuwa serikali ilikuwa imemwekea amri ya kutotoka eneo lake. Kisha asafiri kiasi cha kilomita 1,400 kutoka Johannesburg hadi Cape Town, apande boti, asimame mbele ya kidirisha cha kioo. Upande wa pili anasimama mumewe. Nyuma ya kila mmoja kuna askari jela anayesikiliza. Lugha yao ya Kixhosa imekatazwa. Siasa imekatazwa. Yanayoruhusiwa ni mambo ya familia tu. Mkono haugusi mkono. Watoto walio kati ya miaka miwili na 16 hawaruhusiwi kabisa, kwa hiyo kitinda mimba alipaswa kusubiri hadi miaka ya 1970 amwone baba yake.

Mtu anaweza kuuliza, upendo gani unaishi kwa saa moja kwa mwaka? Naona jibu liko katika yale waliyoruhusiwa kuzungumza. Mambo ya familia, ambayo watawala waliyaona madogo, ndiyo hasa mzigo wenyewe: nani amefaulu mtihani, nani anakohoa, ada imepatikana wapi. Albertina alikataa watoto wake wasome ile elimu duni iliyotengwa kwa Waafrika, akawapeleka shule za Swaziland, na ili kulipia alishona na kufuma nguo za kuuza baada ya kazi za uuguzi. Walter alikuwa anajua. Hakuweza kutuma senti, lakini alijua idadi ya mawe yaliyo kichwani kwa mkewe, na mkewe akajua kwamba anajua. Ukiondoa fedha, ukiondoa mwili, ukiondoa hata lugha ya mama, kumbe bado kuna kitu mume anaweza kumpa mke, nacho ni kuujua uzito wake bila kuupunguza kwa maneno.

Miaka haikuwahurumia. Kwa jumla Albertina aliishi karibu miaka 18 chini ya amri za kumzuia, nyingine zikimfungia nyumbani usiku na siku za mwisho wa juma. Max alikwenda uhamishoni. Wapigania uhuru wengi wa Afrika Kusini sisi Watanzania tuliwapokea, kambi yao ikawa Kongwa na shule yao Mazimbu, Morogoro, na pengine wazee wanaosoma ukurasa huu waliwauzia unga. Binti yao Lindiwe aliwekwa ndani mwaka 1976, kisha naye akaondoka nchini. Mwana wao Zwelakhe, mhariri wa gazeti, alishikiliwa miaka miwili tangu 1986. Mwaka 1983 Albertina mwenyewe alichaguliwa kuwa mmoja wa marais watatu wa umoja wa vyama vya kiraia, UDF, akiwa mahabusu. Mwezi Januari 1989 daktari aliyekuwa amemwajiri Soweto alipigwa risasi akafa kliniki, Albertina akiwa kazini hapo hapo.

Mizigo inayofichwa

Najua msomaji anaweza kusema: hao ni watu wa historia, mimi shida yangu ni kodi ya nyumba. Ni kweli. Lakini nimeleta habari yao kwa sababu ukuta wao ulijengwa na serikali, ilhali sisi wengi tunajijengea wenyewe.

Yupo mwanamume ambaye kazi imekwisha tangu mwezi uliopita. Kila asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi na mkewe, anabeba begi, anaaga. Anashinda kwenye benchi la kahawa hadi saa kumi, kisha anarudi na hadithi za bosi. Anajiambia anamlinda mke wake asiwe na wasiwasi. Na yupo mwanamke aliyekopa kikoba kuziba pengo la ada, kikoba kikamshinda, akaenda kwa wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu, na sasa simu ikiita anatoka nje kupokea. Naye anajiambia anamlinda mume wake asipandwe na presha. Wawili hawa wanaweza kuwa mume na mke. Wanaweza kulala kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, kila mmoja amebeba mawe akimdhania mwenzake amebeba usufi.

Siku ukweli unapotoka, linaloumiza zaidi ya fedha ni zile wiki zote za kuagana asubuhi. Mke hulia akisema, ina maana hukuniona mtu wa kuambiwa? Kuficha mzigo huonekana ni huruma, lakini kwa aliyefichwa huwa ni kunyang'anywa nafasi yake ya kuwa mwenza.

Ndiyo maana wanandoa wenye busara hujenga desturi ndogo ya kupimiana mizigo kabla haijawa mikubwa. Wengine huchagua jioni moja ya juma, watoto wakishalala, simu zikiwa mbali. Kila mmoja anasema anachobeba, kwa majina na kwa tarakimu: deni ni kiasi gani, daktari alisema nini hasa, mamako anahitaji nini mwezi huu. Anayesikiliza ana kazi moja ngumu, ya kutojibu kwa mzigo wake mwenyewe. Ukiambiwa nimechoka, usijibu na mimi je. Zamu yako itafika. Barua ya maneno 500 kwa miezi sita ilimfundisha Walter kuchagua la kusema na kulisoma la mwenzake mara nyingi. Sisi tulio na usiku 365 kwa mwaka tunaweza kujitahidi na mmoja kwa juma.

Upande mwingine wa desturi hii ni mikono. Uzito haujulikani kwa kusimuliwa peke yake. Mume ambaye mkewe anamuuguza mzee achukue zamu ya usiku mmoja, ageuze mgonjwa, abadilishe shuka, asikie harufu ile na mgongo ule. Mke ambaye mumewe anauza sokoni aende siku ya mnada, asimame juani hadi mteja wa mwisho. Wakirudi nyumbani hawatahitaji mshenga wa kuwaeleza.

Uvumilivu si kimya

Lazima niseme neno hapa, kwa sababu mafundisho ya ndoa katika jamii yetu yamekuwa yakiwaambia wanawake neno moja tu: vumilia. Katika kitchen party, katika ukumbi wa kanisa, katika darsa, bibi harusi husimamishwa akaambiwa avumilie, na wala hakuna anayemuuliza avumilie nini.

Albertina hakumvumilia mumewe. Alivumilia pamoja na mumewe, dhidi ya dhuluma iliyowakabili wote wawili. Tofauti hiyo ni kubwa kama mchana na usiku. Njaa, maradhi, ukimbizi, msiba, hizo ni shida zinazoweza kuwakuta wawili wakazikabili wakiwa bega kwa bega. Lakini anayekupiga, anayekutukana mbele ya wanao, anayekunyima chakula ili akunyenyekeze, huyo hajabeba nawe kitu. Yeye ndiye mzigo. Hapo panahitajika wazee, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na mlango wa ndugu ulio wazi. Sura hii isitumiwe na mtu yeyote kumrudisha mwanamke au mwanamume mahali anapoumizwa.

Na hata katika shida ya pamoja, kuvumilia hakumaanishi kunyamaza na kungoja. Albertina alishona, alisomesha, alihutubia, na aliposhtakiwa kwa uhaini mwaka 1985 alisimama kizimbani hadi akaachiwa. Walter gerezani alifundisha vijana wafungwa historia ya nchi yao na kuwa mshauri waliyemkimbilia. Kila mmoja aliendelea kuwa mtu kamili upande wake wa ukuta. Mwenza anayejifuta ili mwenzake aonekane humwachia mwenzake mzigo wa watu wawili.

Alfajiri ya Oktoba

Mwaka 1982 Walter na Mandela na wengine wachache walihamishiwa gereza la Pollsmoor, bara. Miaka miwili baadaye utawala ukaruhusu wageni na wafungwa kukaa chumba kimoja, bila kioo. Mikono iliyoachana mwaka 1963 ikashikana. Albertina alikuwa na umri wa miaka 65.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 15 Oktoba 1989. Kabla jua halijapanda, Walter Sisulu alirudishwa mlangoni kwake Orlando West, mzee wa miaka 77 mwenye nywele nyeupe. Amri za kumzuia mkewe zikaondolewa. Nyumba ikajaa watu, nyimbo, na wajukuu ambao babu yao alikuwa picha ukutani. Mwaka 1994 walipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza katika nchi yao, Albertina akaingia bungeni na ndiye aliyepewa heshima ya kulipendekeza jina la Mandela kuwa Rais. Julai ya mwaka huo huo ndoa yao ilitimiza miaka 50.

Walipata miaka 13 na nusu ya kuzeeka pamoja. Walter alifariki tarehe 5 Mei 2003, siku 13 kabla hajatimiza miaka 91, akiwa mikononi mwa mkewe. Albertina alimfuata mwezi Juni 2011.

Nikiitazama safari hiyo yote, jicho langu hurudi mwanzoni, kabla ya kesi na kisiwa, kwa yule msichana mwenye sare ya uuguzi anayemwambia mchumba wake habari za wadogo zake, akitarajia kuachwa. Walter alipowapokea wadogo wale hakujua alikuwa anafanya nini. Miaka 20 baadaye ni yeye aliyekuwa amefungwa, na watoto waliobaki bila baba walikuwa wake, na mwanamke aliyekuwa anawalea, anawavisha na kuwasomesha alikuwa ndiye yule aliyejifunza tangu utotoni kwamba mtoto aliyeachwa mikononi mwako humtupi.